Reli ya Massawa hadi Asmara ilifufuliwa ibebe nini?

Kutoka bandari ya Massawa, pwani ya Bahari ya Shamu, hadi Asmara, mji mkuu wa Eritrea, ni kilomita 118 kwa reli, na katika mwendo huo mfupi treni hupanda zaidi ya mita 2,300. Upana kati ya chuma na chuma ni sentimita 95 tu. Waeritrea waliikuta reli hii ikiwa imeng'olewa vipande vipande, wakaijenga upya kwa mikono yao, wakaimaliza mwaka 2003. Hata hivyo, haijapata kuwa na safari za kila siku za kubeba watu na mizigo ya nchi. Kwa sehemu kubwa imekuwa ikitembea pale kundi la watalii linapoikodi, na mara nyingi hutoka Asmara na kuishia Nefasit, mlimani chini yake. Jambo hili linatuhusu pia sisi Watanzania wenye reli za zamani.

Reli hii ilizaliwa vitani. Januari 1887, huko Dogali, Ras Alula, jemadari wa Ethiopia, aliangamiza kikosi cha Italia na kuua askari zaidi ya 400. Waitalia walijibu kwa kutandika reli kutoka Massawa hadi Saati, wapate kusogeza wanajeshi na risasi haraka. Walifika Ginda mwaka 1904 na Asmara mwaka 1911. Baadaye wakaielekeza magharibi: Keren mwaka 1922, Agordat mwaka 1928, na mwisho wake ukawa Bisha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ramani yake yote ni ramani ya mkoloni anayeingia bara hatua kwa hatua.

Lakini aliyeitia uhai ni fundi na mfanyakazi wa Eritrea. Vile vichwa vya mvuke vilivyoundwa na kampuni ya Ansaldo mwaka 1938 vina magurudumu manane yaliyogawanywa makundi mawili chini ya boila moja. Kundi la mbele hujigeuza lenyewe kufuata kona, la sivyo kichwa kirefu kiasi hicho kingeacha njia katika mikunjo ya mlima. Katika kuteremka, dereva hategemei breki ya kichwa peke yake. Juu ya mabehewa hukaa watu wa breki. Filimbi ikilia, kila mmoja hukaza gurudumu lake la breki kwa mikono, na ikilia tena hulilegeza. Usalama wa abiria wote uko katika masikio na mikono ya watu hao. Ujuzi wa namna hii haumo katika mwongozo wowote wa kiwanda. Unarithishwa kwa kufanya kazi bega kwa bega.

Kuvunjwa kwa reli hii kulikuja kwa awamu. Baada ya Waingereza kuitwaa Eritrea mwaka 1941, kamba ndefu ya chuma iliyokuwa ikibeba mizigo angani kati ya Massawa na Asmara iling'olewa. Malori na mabasi yakazidi kuchukua kazi ya treni. Kisha vita vya ukombozi dhidi ya Ethiopia vikaifunga reli kabisa katikati ya miaka ya 1970. Vyuma na mataruma yake viling'olewa, vikaezekea mahandaki ya wapiganaji na ya askari wa Ethiopia vilevile. Uhuru ulipopatikana, hapakuwa na njia ya kupitisha hata toroli.

Mwaka 1994 serikali iliamua kutosubiri wakandarasi wa nje. Wazee wa reli waliostaafu, baadhi yao wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, waliitwa warudi karakana. Walikusanya vyuma kutoka kwenye mahandaki ya vita, wakavinyoosha, wakafua vipuri ambavyo hakuna duka duniani linaloviuza. Ninaiheshimu kazi hiyo bila kusita. Katika bara letu, ambako hata ukarabati wa daraja dogo husubiri mkopo, wazee hawa walionyesha kwamba ujuzi ni mtaji.

Heshima hiyo lakini isitufumbe macho. Kazi ngumu ya kutandika njia ilibebwa pia na vijana wa utumishi wa taifa, ambao kwa sheria ya 1995 ulipaswa kuwa wa miezi 18, ila kwa wengi ukageuka kuwa wa miaka isiyo na kikomo. Anayesimulia ufufuo wa reli hii kama hadithi ya moyo wa kujitolea pekee anawasahau hao.

Tena hakuna aliyejibu mapema swali la shehena. Vita vya mpakani kati ya Eritrea na Ethiopia vya 1998 hadi 2000 viliiondolea Massawa mizigo ya Ethiopia, ikahamia Jibuti, ambako tangu 2016 kuna reli mpya ya umeme hadi Addis Ababa. Mfano unaouma zaidi ni Bisha. Karibu na mahali ambako reli ya Waitalia iliishia, mgodi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2011, kisha shaba na zinki, na madini yake husafirishwa hadi bandarini Massawa kwa malori. Mzigo ulipopatikana, reli ya kuubeba kutoka Bisha haikuwepo, na hiyo iliyopo milimani, yenye vichwa vidogo na kona kali, isingeumudu.

Wapo wanaosema basi, iachwe ife, au vyuma vyake viuzwe. Siafikiani nao. Tanzania tuliiacha reli ya Tanga hadi Moshi ikamezwa na majani kwa zaidi ya muongo mmoja. Ilirudi mwaka 2019 kwa sababu ilikuwa na saruji ya kupeleka Kaskazini na abiria wanaokwenda Moshi. Eritrea nayo ina cha kubeba, ila si madini. Ina watu wa Ginda, Embatkala na Nefasit wanaopanda mjini Asmara kila siku, na ina mji ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2017. Treni mbili za ratiba kwa wiki kati ya Ginda na Asmara, nauli ya mwananchi na nauli ya mgeni, zinatosha kuanzia.

Masharti yangu ni mawili: wafanyakazi wake walipwe mshahara kamili, asiwepo wa kulazimishwa, na karakana ya Asmara ipokee wanagenzi sasa hivi. Mzee aliyekuwa na miaka 60 alipoitwa mwaka 1994 leo ameshavuka 90.