Kalamu ya Ujira na Malisho ya Biliqo

SAFU YA WASO
Na Bin Galgalo

Miongoni mwa vijana wa Isiolo waliohitimu masomo wasipate ajira, wamo wanaoniuliza kama yamkini mtu kuishi kwa kalamu yake pasipo kuajiriwa na gazeti wala ofisi, akawaandikia wenye biashara makala za kuzitangaza bidhaa zao. Nami huwajibu kwamba yamkini, maadamu auze maarifa aliyonayo yeye, wala si wepesi wa vidole vyake tu.

Wepesi wa vidole tumekwisha kuuza, tena kwa bei duni. Serikali imekuwa na mpango wake wa Ajira Digital wa kuwafunza vijana kazi za mtandaoni, lakini maelfu ya vijana wetu wenye akili walikesha wakiwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha za vyuo vikuu, kazi ambayo filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024 imeieleza kwa huruma. Ujira waliupata, jina hawakulipata. Na mwandishi asiye na jina hana hoja ya kupandishia bei, bali kila kazi humkuta mgeni, akishindana na kila ajuaye Kiingereza duniani, na sasa na programu za kompyuta zisizolala wala kula.

Ama maarifa ninayoyakusudia, mfano wake uko hapa hapa Biliqo, katika Isiolo yetu. Malisho ya hifadhi ya Biliqo Bulesa yalitiwa katika mradi wa kaboni wa shirika la Northern Rangelands Trust, ulioanza kuhesabiwa mwaka 2013, na miongoni mwa wanunuzi wa hati zake za kaboni yametajwa makampuni ya Netflix na Meta. Makampuni hayo hayakununua ng'ombe wala nyasi. Yalinunua maelezo ya kwamba mifugo ikilishwa kwa utaratibu uliopangwa, udongo utahifadhi kaboni zaidi. Bidhaa ya namna hiyo mnunuzi haishiki mkononi, na imani yake yote huijenga juu ya ripoti, makala na picha alizoletewa.

Mwaka 2023 shirika la Survival International lilitoa ripoti ya kuushutumu mradi, likisema kwamba umesimama juu ya dai la kuwa wafugaji walikuwa wakilisha bila mpango, ilhali Waborana tangu zamani wana dedha, baraza la wazee liamualo ni malisho gani ya masika, yapi ya kiangazi, na yapi yafungwe hadi ukame utakapobana. Trust ilizikana shutuma hizo. Hata hivyo, Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilihukumu kwamba hifadhi ya Biliqo Bulesa na ile ya Cherab ziliundwa kinyume cha sheria, pasipo wananchi kushirikishwa ipasavyo.

Mimi naona ya kuwa binti aliyekulia katika boma la Biliqo, akamsikia babu yake akitoka barazani kueleza kwa nini kisima fulani kimefungwa, ana elimu ambayo ofisi za matangazo za Nairobi na London hazina budi kuilipia, kwa maana makala ya tangazo isiyo na ukweli humwaibisha hata aliyeigharimia. Na aiandike kwa jina lake, kwa Kiingereza kwa wanunuzi, na kwa Kiborana na Kiswahili kwa wenye ardhi, ili wajue wanasemewa nini.

Lakini asikubali kazi kwa maneno ya mdomo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yasema kwamba kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wenyewe wamepatana vinginevyo. Basi hilo la vinginevyo na liandikwe katika mkataba kabla ya neno la kwanza la makala, pamoja na malipo ya awali na idadi ya masahihisho. Fauka ya hayo, naomba kiongezwe kifungu kimoja ambacho sijakiona bado katika mkataba wowote niliopata kuonyeshwa: kwamba makala zinazohusu malisho zisomwe kwanza mbele ya wazee wa dedha, na mwandishi awe na haki ya kuondoa jina lake endapo mteja atachapisha waliyoyakanusha wazee hao.