Matundu matatu hayatoshi kuisifu bunduki

Wasomaji wangu, leo tuweke kando habari za programu za simu, tuongee juu ya bunduki. Msishtuke! Mimi niko zangu hapa Othaya na tarakilishi yangu, sina bunduki wala siombi cheti cha kuimiliki. Ila kuna hesabu moja inayonikera. Kila nikiona picha ya karatasi ya shabaha yenye matundu matatu yaliyobanana, na mwenyewe anajigamba eti bunduki yake "inapiga milimita nane", mkono unaniwasha.

Ninaongea juu ya ile bunduki ndogo ya .22 ya michezo ya shabaha, ya mita 50. Risasi yake haina kiwashio katikati ya kitako kama risasi nyingi za kijeshi. Kemikali ya kuwashia imewekwa ndani ya ukingo wa kitako, na pini huugonga ukingo huo. Ganda likishatumika halijazwi tena, kwa hiyo mpigaji hajitengenezei risasi nyumbani kama wafanyavyo wengi wenye bunduki kubwa. Anategemea kiwanda. Ndiyo maana kampuni kama Eley ya Uingereza na Lapua zina vituo ambako mtu huja na bunduki yake, ikabanwa kwenye jiriwa na kujaribiwa kwa mafungu mbalimbali ya risasi mpaka lipatikane linaloelewana nayo.

Usumbufu wote huo wa nini? Duara la pointi kumi lina upana wa milimita 10.4. Risasi ina upana wa kama milimita 5.6, na ikigusa tu mstari inahesabiwa, kwa hiyo kitovu cha tundu hakitakiwi kuwa zaidi ya milimita 8 kutoka katikati. Sasa chukua kalamu. Risasi inatoka kwa mwendo wa takriban mita 330 kwa sekunde, na ndani ya mita 50 uzito wake unaivuta chini kama sentimita 12. Risasi mbili za pakiti moja zikitofautiana mwendo kwa mita 10 tu kwa sekunde, moja itatua chini ya mwenzake kwa milimita 7 hivi. Mkono wako haukutikisika, pumzi uliibana vizuri, na bado karibu nafasi yako yote imeliwa na kiwanda.

Turudi kwenye matundu matatu. Desturi ya wengi ni kupima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, basi. Niliandika programu fupi, mistari isiyozidi thelathini, yenye bunduki ya kubuni isiyobadilika kabisa: haichoki, haichafuki, haina upepo. Nikaiambia ipige makundi maelfu. Ikiwa makundi ya risasi tatu yana wastani wa milimita 12, bunduki hiyohiyo ikipiga tano kwa kundi wastani unakuwa kama 15, na ikipiga kumi unafika 19. Bunduki haikuharibika! Risasi nyingi zinapata nafasi zaidi ya kwenda mbali, ndivyo hesabu ilivyo. Na hayo makundi ya tatu yenyewe yanarukaruka vibaya: si machache yaliyo chini ya milimita 8, na si machache yanayopita 17. Mtu akipiga makundi sita, akakuonyesha lile zuri, amekuonyesha bahati yake. Sisi watengenezaji programu tuna ugonjwa uohuo: unaendesha kodi mara tatu, unachukua mara iliyokimbia zaidi, unamwandikia mteja kwamba umeongeza kasi.

Huku kwetu kwenye kahawa hatukubaliani na mambo hayo. Katika utaratibu wa kimataifa wa kuonja kahawa bora, kila sampuli inamiminwa vikombe vitano, na kikombe kibaya hakitupwi, kinashusha alama. Kwa nini tundu baya liitwe "liliponyoka"?

Najua jibu la wapigaji: risasi ni ghali na zina hesabu. Ni kweli. Kwa sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, cheti hutaja hata kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho. Na hapa Nyeri hesabu ya risasi ina historia nzito. Novemba 1956, Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Melbourne, ilipeleka pia wapiga shabaha wa mita 50. Mwezi uohuo, katika mahakama ya Nyeri, Dedan Kimathi alikuwa akihukumiwa kifo kwa kukutwa na bastola na risasi sita. Koloni moja: huyu anapewa risasi za mchezo, yule anahesabiwa sita za kitanzi.

Basi kama risasi ni chache, kuzitupa habari zake ndiko kunakonishangaza zaidi. Ukipima matundu mawili ya pembeni tu, matundu mengine umeyapiga bure. Piga picha karatasi, andika mahali pa kila tundu, tafuta kitovu cha yote, kisha wastani wa umbali kutoka hapo. Kwa kundi moja la risasi tano faida ni ndogo, sitawadanganya. Inaonekana unapounganisha karatasi zote pamoja. Tena utaona jambo ambalo rula haioni: mtawanyiko wa juu na chini ukizidi wa kando, shuku mwendo wa risasi, wa kando ukizidi, angalia upepo.

Na ukilinganisha aina mbili za risasi, jua ukomo wako. Kutambua kwa uhakika tofauti ya asilimia 10 kunahitaji karibu risasi 400 za kila aina. Nani anazo? Ukiwa na 50 tu, piga 25 za hii na 25 za ile, ukizipokezana siku hiyohiyo ili upepo usipendelee upande. Kwa idadi hiyo, tofauti inayoonekana vizuri ni kama theluthi moja. Wastani ukitofautiana kwa chini ya hapo, nunua pakiti ya bei rahisi, na pesa zitakazobaki nunulia risasi za mazoezi.