Jina la Audrey kwenye cheti

Ndugu mwandishi, unaposema Wakenya hawajabadilika hata kidogo kuhusu watu waliobadili jinsia, sikubaliani nawe. Nakumbuka Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, alipoanza kuonekana magazetini na kwenye runinga. Watu walimcheka, wakamlaani, wengine wakataka kujua yaliyo chini ya nguo zake kabla ya kuuliza shida yake ni nini. Shida yenyewe ilikuwa cheti cha mtihani wa sekondari, KCSE, chenye jina la kiume. Mtu ataombaje kazi kwa karatasi inayomkana? Oktoba 2014 Mahakama Kuu ililiamuru Baraza la Mitihani limpe cheti kipya chenye jina la Audrey, bila alama ya jinsia. Sensa ya 2019 nayo ikahesabu watu 1,524 wenye jinsia mbili. Hao ni wengine, tusiwachanganye, lakini serikali ilikiri kwamba visanduku viwili vya jinsia kwenye fomu havitoshi. Chuki bado ipo, naisikia matangani na kwenye matatu. Ila jirani yangu, mzee wa kanisa, zamani alikuwa akizima runinga habari hizi zikianza. Siku hizi husikiliza hadi mwisho. Tafadhali, usiandike kana kwamba hilo si kitu.