Karatasi Inayokuomba Ruhusa

Ninyi vijana wa Kasongo na Kabambare, mtu usiyemjua akileta mzigo nyumbani, unamwuliza kwanza. Lakini barua ya kompyuta tunaifungua mbio. Kwa nini?

Angalieni namna mambo yanavyopita. Barua inasema: "Umepata kazi kwenye mgodi, soma karatasi hii." Unaifungua, hauoni maandiko, unaombwa tu kubonyeza «Activer le contenu». Mtego ni hapo. Ndani yake mumefichwa amri ndogo zinazoitwa makro. Makro zenyewe si mbaya: karani anazitumia kwa kuhesabu mishahara upesi. Lakini mwizi anaandika zake, na ukibonyeza tu, zinaita programu nyingine toka mbali. Hiyo inaiba maneno ya siri, ao inafunga mafaili yote mpaka mulipe feza. Wewe hauoni kitu.

Hii si hadisi. Machi 1999, virusi ya Melissa ilikaa ndani ya karatasi ya Word, ikajituma yenyewe kwa watu 50 wa kwanza katika orodha ya anwani. Karibu na sisi, Reuters iliandika Mei 2023 kwamba mwisho wa 2019 mfanyakazi mmoja wa serikali ya Kenya alipakua karatasi yenye virusi bila kujua, na wezi wakapata njia ya kufikia ofisi zingine. Habari ile iliwataja wezi wa China, China ilikana.

Tangu 2022 Microsoft inazuia makro za karatasi zinazotoka kwenye intaneti. Ni vizuri, lakini wezi wamehamia kwenye mafaili ya namna zingine.

Kwetu mashine moja inatumiwa na watu wengi. Kijana akitafuta kazi kwa haraka, anaweza kupotezea wote daftari la ada ya shule. Basi fanyeni hivi:

Mpigie simu aliyetuma, kwa namba unayoijua zamani, si ile ya ndani ya barua.

Karatasi ikikuomba ruhusa ili uisome, ifunge.

Wekeni kopi ya kazi yenu pahali pasipoungana na mashine.

Na kama umekwisha kubonyeza, kata intaneti, ambia wenzako palepale. Wazazi, musimkaripie anayesema. Akiogopa atanyamaza, na mwizi atapata wakati wa kumaliza kazi yake.