JAMII NA KAZI: Agizo Gumu Lisimtishe Msanii

Tumchukulie mchongaji wa mpingo aliyeko Likunja, wilayani Ruangwa. Kwa miaka mingi mikono yake imezoea vinyago vya aina moja, na mauzo yake ndiyo yanayoleta unga na sare za watoto. Siku moja anafikiwa na mjumbe wa shule: wanataka mlango mkubwa wenye nakshi zinazosimulia maisha ya watu wa kusini. Mlango hajapata kuuchonga. Akikubali, anahofia aibu. Akikataa, nyumba yake inakosa fedha.

Wamewahi kuwapo wasanii waliovuka mtihani wa namna hiyo. Mmoja ni marehemu George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 huko huko kusini. Asili yake ilikuwa uchongaji. Alipoingia Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, alikutana na kazi ngeni: kuchora kwa wino, kutia vitambaa rangi za batiki, na kutengeneza mapambo ya bati na chuma. Alijifunza zote. Lakini hakuutupa urithi wake. Mashetani wa uchongaji wa Kimakonde, wenye masikio makubwa na midomo mipana, aliwahamishia karatasini, kitambaani na kwenye chuma. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani, na hadi alipofariki mwaka 2005 alikuwa amejulikana katika nchi nyingi.

Hapo ndipo penye funzo. Agizo gumu humtaka msanii abadili chombo na kipimo. Halimlazimishi kuiacha lugha ya mikono yake. Mchongaji wetu wa Likunja anazijua sura za wazee, ngoma na mavuno. Anachokosa ni ujuzi wa mbao pana na bawaba, na huo seremala anaweza kumwazima.

Hata hivyo, ushujaa usio na hadhari ni hasara. Mpingo ni mgumu na mzito hata huzama majini. Mti wake huchukua miongo mingi kukomaa, na ukikaushwa haraka hupasuka. Kwa hiyo achore kwanza kwa mkaa, kisha ajaribu sehemu moja katika mti laini. Amweleze mteja kwa uwazi kwamba kazi hiyo ni mpya kwake, waelewane juu ya muda, na apewe malipo ya awali ya kununulia mbao. Haraka haraka haina baraka.

Familia nayo ina sehemu yake. Mke na watoto wakiona wiki mbili zimepita bila kinyago sokoni, wasimkatishe tamaa. Nasi wafanyakazi wa mijini, tunapoagiza kazi, tusidai kila mara kinyago kile kile tulichokiona kwa jirani. Tumpe fundi jambo la kumfikirisha, tumpe na muda wa kulifikiri, kisha tumlipe kwa haki.