Hesabu za Afya Zina Wenyewe

Kila mama ajifunguaye katika zahanati zetu za Kasulu na Kibondo, na kila mtoto aletwaye na homa ya malaria, huandikwa katika vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, na mwisho wa mwezi jumla zake hupelekwa wilayani zikaingizwa katika kompyuta. Habari zetu, basi, huondoka kwetu kila mwezi. Lililo ajabu ni kwamba sisi tulioandikwa aghalabu hatuulizi zimefika wapi wala zimetamka nini.

Wala haimlazimu mtu kufunga safari ya Dodoma ili azione. Wizara ya Afya imefungua sehemu ya hesabu hizo katika tovuti yake, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeweka bayana sensa ya mwaka 2022, iliyoukuta mkoa wetu wa Kigoma una watu 2,470,967, ilhali mwaka 2012 walikuwa 2,127,930.

Lakini msomaji na awe na hadhari, maana idadi ya wagonjwa haina maana mpaka ijulikane wametoka miongoni mwa watu wangapi. Kwa mfano, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huku kwetu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kongo, ilipokea Warundi mwaka 2015 hata ikapita watu 150,000. Na wakimbizi hao huhesabiwa na shirika lao la Umoja wa Mataifa, katika tovuti nyingine kabisa. Isitoshe, wanavijiji wa jirani nao hutibiwa kambini. Asemaye kwamba maradhi yamezidi, sharti kwanza aulize ikiwa wenyeji na wageni wamo pamoja katika hesabu anayoishika. Asipouliza, atawasingizia wakimbizi ugonjwa usio wao, au atawalaumu waganga kwa taksiri wasiyoifanya. Kweli, mwaka ule wa 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, walikorundikana wakimbizi pasipo maji safi wala vyoo. Na maradhi ya namna hiyo hayamwangalii mtu uraia.

Hadhari hiyo yahitajika pia katika vifo vya uzazi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulitaja vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, baada ya 556 vya utafiti uliotangulia. Kuufurahia upungufu huo ni halali. Walakini ni kiwango cha nchi nzima, na kiongozi akisimama kijijini Makere akakitaja kana kwamba ndicho cha Kasulu, mwombeni kwa adabu awaonyeshe cha Kasulu.

Kwa hiyo nawasihi vijana wenye simu, ambao hawakosi vifurushi vya kutazamia mpira, wazitafute hesabu hizi, wazinakili kwa mwandiko ulio wazi, wazibandike kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kabla ya mkutano mkuu. Ili mama mmoja akisimama kuuliza kwa nini wengi wangali wakijifungulia nyumbani, mtendaji asiweze kumjibu kwamba ni maneno ya mtaani.