Kijana wa Likoni, ifundishe tovuti yako kusoma shairi

Kwenye Markdown, ukiweka nyota mbili kila upande wa neno, neno linatoka kwa wino mzito. Rahisi kabisa. Ndiyo maana tangu John Gruber aizindue mwaka wa 2004, wengi hawataki tena kuhangaika na tagi za HTML. Nawe, kama umejifunza kuunda tovuti hapo Likoni, hata kwa laptopu ya kuazima, bila shaka umeipitia.

Sasa hebu ipe shairi. Tarbia, mishororo minne, mizani 16 kila mmoja: minane ukwapi, minane utao. Wallahi utashangaa! Inaishona yote minne iwe aya moja, eti insha. Ukiacha nafasi mbili mwishoni mwa kila mstari itakatika, lakini bado haijui ukwapi ni nini wala vina vya kati vinakaa wapi.

Basi watu hupiga picha ukurasa wa kitabu na kuubandika mtandaoni. Picha inakula bando, na asiyeona anayesomewa na simu yake haambulii kitu. Haya yanafanyika katika mji wa Muyaka bin Haji, mji uliomzaa Abdilatif Abdalla, aliyetunga Sauti ya Dhiki akiwa gerezani. Mimi naona ni aibu, na dawa yake iko mikononi mwako.

Vichakataji vingi vya Markdown vinakubali sheria mpya. Kwa Marked ya JavaScript, nyongeza yako ina jina, kazi inayoitambua alama yako, na kazi inayotoa HTML. Tuseme nukta pacha tatu na neno ubeti vinafungua, nukta pacha tatu zinafunga, na mkwaju unatenga ukwapi na utao. Mkwaju huo ufanye kazi ndani ya ubeti tu, la sivyo utakatakata tarehe na anwani za tovuti. Na usafishe maandishi ya watu kabla ya kuyatoa, maana wapo watakaokuletea tagi za hila.

“Si uandike HTML tu?” Beti 10 ni vipande 80, bwana. Nani atafungua na kufunga tagi 80 kwa simu, tena akiwa amebanwa ndani ya feri?

Kalkuleta na orodha za kazi tumeziona za kutosha. Hii ina utamu mwingine: ubeti ukishatambulika, programu inaweza kuhesabu mizani na kuonyesha mshororo uliopungua. Hapo ndipo Kiswahili chako kinapohitajika. “Mtoto” ni mizani mitatu, kwa sababu “m” inasimama peke yake. “Mwana” ni miwili. Walioandika Marked hawakuliwazia hilo, na wala haikuwa kazi yao.